Skrini imesema sawa, printa imesema subiri

Vidokezo 13 kwa mwenye haraka anayetaka karatasi itoke kama alivyoiona

Sentensi inayosikika zaidi kwenye kaunta za papeteri za Gikondo, Kigali, ni hii: "Lakini kwenye kompyuta yangu ilikuwa sawa!" Fleshi imeshachomekwa, foleni nyuma inapumua, na karatasi ya kwanza imetoka na jina la kampuni huku, nembo kule, jedwali limekatwa kiunoni. Subiri sasa ifike mwisho wa Julai, maonyesho ya biashara ya Expo yanakaribia kufunguliwa pale viwanjani, na kila mwenye banda anataka orodha ya bei na vipeperushi vitoke jana, si leo. Hapo sentensi hiyo inakuwa wimbo.

Tulia, printa haina kinyongo nawe. Faili la Word si picha ya ukurasa. Ni maelekezo tu: tumia herufi hizi, acha nafasi hii, karatasi iwe ya ukubwa huu. Kila kompyuta inayolifungua inaupanga ukurasa upya kwa vifaa ilivyonavyo yenyewe. Wape mafundi cherehani wawili vipimo vilevile uone kama utapata mashati mawili yanayofanana! Kazi yako basi ni ndogo: punguza mambo ambayo mashine ya mwenzako italazimika kujiamulia. Twende.

1. Karatasi kwanza, maneno baadaye

Sisi huku tunachapisha kwenye A4: milimita 210 kwa 297. Ila programu nyingi tunazotumia zimezaliwa Marekani, na Wamarekani wana karatasi yao, Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279. Kwenye skrini huwezi kuzitofautisha hata ukodoe macho. Letter ni pana kidogo na fupi kwa milimita 18, na hizo 18 ni mistari mitatu na ushee ya maandishi ya kawaida. Ndiyo maana barua iliyokaa vizuri kwenye ukurasa mmoja inamwaga mistari yake ya mwisho kwenye ukurasa wa pili. Tena kuna printa zitakazobana ukurasa kimyakimya, na kuna zitakazogoma kabisa, taa inapepesa, zikidai karatasi ya Letter ambayo ukiitafuta kuanzia Rwandex hadi Merez utachoka bure.

Dawa yake ni sekunde kumi. Fungua mpangilio wa ukurasa, chagua A4, kisha iweke iwe chaguo la kudumu. Kwenye Google Docs angalia pia, hasa kama akaunti yako imewekwa kwa lugha ya Kiingereza cha Marekani. Na fanya hivyo kabla hujaandika neno la kwanza, maana kubadilisha karatasi ukiwa ukurasa wa 30 ni kuanza kupanga upya kila kitu.

2. Fonti uliyonayo wewe, papeteri hawana

Umepakua fonti yenye mikia ya kupendeza kwa ajili ya mwaliko wa harusi. Hongera! Sasa faili linafika kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, nayo bila kuuliza mtu inaweka nyingine. Herufi zikinenepa kidogo tu, mistari inavunjika kwingine, aya zinarefuka, na mwaliko wa ukurasa mmoja unakuwa kijitabu.

Wala usidhani hili ni la fonti za mapambo peke yake. Tangu Office ya 2007, Word ilikuwa inaanza na Calibri. Matoleo mapya yamehamia Aptos, na kompyuta yenye Office ya zamani haiijui. Ukitaka amani, andika kwa Times New Roman au Arial. Ukitumia LibreOffice usiwe na wasiwasi sana: inakuja na Carlito, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Calibri, na Liberation Serif iliyolinganishwa na Times New Roman, kwa hiyo mistari inavunjika palepale hata sura ya herufi ikitofautiana kidogo. Na kama moyo haukubali kuachana na ile ya mikia, nenda kwenye machaguo ya kuhifadhi ndani ya Word, weka tiki kwenye kupachika fonti ndani ya faili. Faili litanenepa, lakini litasafiri na nguo zake.

3. Funga mzigo kabla haujaondoka

Kama utashika kidokezo kimoja tu leo, shika hiki. Word ni ya kuandikia, PDF ni ya kuchapishia. Adobe waliitoa PDF mwaka 1993 kwa shida hii hii yetu, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, hakuna kampuni inayoimiliki peke yake. Ndani yake kila herufi imeshapewa mahali pake, na kwa kawaida fonti zinasafiri humo humo. Kompyuta ya papeteri haipangi chochote, inaonyesha tu.

Hifadhi kwa PDF, halafu, na hapa ndipo wengi wanaruka, ifungue mwenyewe na uipitie ukurasa kwa ukurasa. Kwenye simu inatosha. Kosa utakaloliona kwenye PDF ukiwa umekaa kwako ni la bure, na lilelile ukiliona kaunta linalipiwa franga.

4. "Fit" ni rafiki mwenye unafiki

Dirisha la kuprinti PDF lina chaguo linaloitwa "Fit" na jingine "Actual size". La kwanza linaupunguza ukurasa kidogo ili uingie wote. Kwa barua, hakuna atakayegundua. Kwa kadi za biashara, lebo za chupa za asali, au picha ndogo za pasipoti, umekwisha: kila kipimo kimepungua.

Ujanja: kwenye kona ya faili chora mstari wa sentimita 10 kamili. Chapisha nakala moja, weka rula. Ukipata 9.6, unajua nani kala hizo milimita nne.

5. Asilimia 100 ya skrini si saizi ya karatasi

Ndoto ya skrini kufanana na karatasi ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1974, kwenye maabara za Xerox PARC kule California, Butler Lampson na Charles Simonyi na wenzao walitengeneza Bravo, programu ya kuandikia iliyoonyesha ukurasa kwenye skrini kwa sura utakayotoka nayo kwenye printa. Simonyi baadaye akahamia Microsoft, na huko ndiko Word ilikozaliwa. Macintosh ya 1984 ikaja na skrini yenye nukta 72 kwa kila inchi, sawa kabisa na pointi 72 za fonti kwa inchi moja, kwa hiyo herufi ya pointi 12 ilikuwa karibu na ukubwa wake halisi hata kabla ya kuchapishwa.

Skrini za siku hizi zina nukta nyingi zaidi na kila moja ina idadi yake, kwa hiyo ile 100% unayoiona pembeni haikuahidi chochote. Chukua karatasi ya A4, ishike juu ya skrini, vuta ukuzaji hadi ukurasa ulingane na karatasi. Kumbuka namba hiyo. Ukiirudia, utajua mara moja kama maandishi ya kipeperushi chako yatasomeka na mtu aliyesimama, au yanahitaji miwani ya babu.

6. Vinavyoonekana visivyochapwa, na visivyoonekana vikachapwa

Hapa ndipo penye vituko. Tuanze na mistari myekundu. Ukiandika Kiswahili au Kinyarwanda kwenye Word iliyowekwa Kiingereza au Kifaransa, ukurasa unajaa mistari myekundu chini ya maneno, na wapo wanaoogopa kwamba itatoka kwenye karatasi. Haitoki. Hiyo ni kelele ya skrini tu.

Linalotoka ni lile ulilorekebishiwa bila kuombwa. Andika "i Gikondo" kwa Kinyarwanda, na Word inayofikiri Kiingereza inaigeuza ile herufi ndogo kuwa "I Gikondo", kwa sababu kwake i iliyosimama peke yake ni "mimi". Limeshapita hilo kwenye mialiko mingi tu! Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, weka lugha sahihi, kisha zima marekebisho ya kujiendesha.

Excel nayo ina hila zake. Visanduku vyote unavyoviona, ile mistari ya kijivu inayokufanya ujisikie mpangilifu, kwa kawaida haichapwi. Orodha yako ya bei itatoka namba zinaelea hewani, na mteja hajui bei ya sabuni ni ipi na ya mafuta ni ipi. Weka mipaka halisi kwenye jedwali, au washa uchapaji wa mistari kabla ya kubonyeza. Hali kadhalika rangi ya ukurasa mzima kwenye Word: imependeza kwenye skrini, lakini Word isipoelekezwa vingine inaiacha, na maandishi meupe uliyoyaweka juu yake yanabaki meupe juu ya karatasi nyeupe. Umetoa karatasi tupu kwa bei ya karatasi iliyochapwa.

7. Tarehe inayojigeuza

Umeandika barua tarehe 3, umetumia kitufe cha kuingiza tarehe, ukaacha tiki kwenye kujisasisha. Tarehe 17 mtu anaifungua aichapishe, na barua inasema 17. Ukiwa wakala wa forodha unayefuatilia makaratasi ya mzigo ulioko kwenye maghala ya Magerwa, au unadai kodi ya nyumba ya mwezi uliopita, wiki mbili hizo zina uzito. Ondoa tiki hiyo, au andika tarehe kwa mkono. Kuna vitu ambavyo kompyuta haina haja ya kutusaidia.

8. Rangi hupauka njiani

Skrini inatoa mwanga, karatasi inaupokea na kuurudisha kiasi. Buluu ile inayong'aa na kijani cha kuchoma macho havina wino wake. Printa inachanganya samawati, waridi kali, njano na nyeusi na kukupa kilichokaribia. Ukijua hilo, hushtuki.

Pigo kubwa ni pale unapotoa kopi ya wino mweusi. Bendera ya Rwanda, buluu, njano na kijani, inabaki ngazi tatu za kijivu. Njano juu ya nyeupe inapotea kabisa, na nyekundu na kijani kwenye grafu yako zinaweza kuwa pacha. Kipimo cha haraka: piga skrini picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwezi kusoma hapo, hutasoma kwenye kopi. Tofautisha mistari ya grafu kwa vitone na vipande, usitegemee rangi peke yake.

9. Nembo iliyopita WhatsApp

Kwa picha safi kwenye karatasi unahitaji karibu nukta 300 kwa inchi. Fanya hesabu: nembo yenye nukta 200 kwa upana itatoka safi kwa sentimita 1.7 tu. Ukiivuta ijaze kichwa cha barua, inakuwa na meno ya msumeno. Skrini ilikufichia hilo kwa sababu yenyewe inaridhika na nukta chache.

Na WhatsApp hubana picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwambie anayekutumia aitume kama hati, si kama picha. Maneno matatu hayo, "itume kama hati", yameokoa vipeperushi vingi kuliko mbuni yeyote.

10. Sahihi isilale peke yake

Hili lichungulie kwa karibu. Mkataba wa kupangisha stoo: ukurasa wa kwanza una vifungu vyote, bei, muda, masharti. Ukurasa wa pili una nini? Mistari miwili ya vitone, majina, nafasi ya muhuri. Basi. Kwenye skrini yako vilikuwa vimekaa chini ya ukurasa wa kwanza, ila printa ya papeteri imeamua vingine.

Si sura mbaya tu. Karatasi yenye sahihi yako na muhuri wako lakini haina hata kifungu kimoja inaweza kubanwa na stepla kwenye mkataba wowote. Usiisaini! Rudi kwenye faili, chagua aya ya mwisho ya vifungu pamoja na mistari ya sahihi, fungua mpangilio wa aya, weka tiki kwenye "Keep with next". Kuanzia hapo aya hiyo na sahihi zinahama pamoja. Ongeza na namba za kurasa kwa mtindo wa "ukurasa 1 kati ya 2" chini, ili karatasi ijieleze yenyewe.

Halafu tuzungumze kuhusu Enter. Bonyeza kitufe chenye alama ya ¶ uone siri zako: Enter kumi na mbili mfululizo za kusukuma kichwa cha habari kwenye ukurasa mpya, nafasi arobaini za kusogeza jina upande wa kulia. Zilikaa sawa kwenye kompyuta yako kwa bahati. Ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, mara moja. Kusogeza jina ni kazi ya Tab au kulipanga kulia. Hata vitone vya kujazia jina usivibonyeze kimoja kimoja. Tab ina chaguo la kuvijaza yenyewe hadi mwisho wa mstari.

11. Maoni ya bosi yabaki ofisini

"Hii bei ni kubwa mno, ila tuone kama watakubali." Maneno hayo yako pembeni mwa faili kwenye kiputo cha maoni, nawe umeyazima yasionekane. Fungua faili kwenye kompyuta nyingine, yanarudi, na yakichapwa ukurasa mzima unapungua kuyapisha pembeni. Kwenye dirisha la kuprinti ondoa tiki kwenye "Print Markup". Au afadhali zaidi: kubali au kataa mabadiliko yote, futa maoni, ndipo utengeneze PDF. Mteja asome bei, asisome mawazo yenu.

12. Moja kwanza, mia mbili baadaye

Chapisha nakala moja. Iangalie kwa mkono, si kwa jicho la mbali. Printa nyingi za ofisini haziwezi kufika ukingoni mwa karatasi, huacha milimita chache pande zote, kwa hiyo pambizo za sentimita 2 ni salama. Ukitaka rangi ifike hadi ukingo, mwambie mchapaji achape kwenye karatasi kubwa kisha akate, na umpe milimita 3 za ziada kila upande.

Ukichapa pande mbili, geuza karatasi uone. Kwa barua na ripoti, chagua kugeuza kwa ukingo mrefu. Ukikosea, nusu ya kitabu itasomwa miguu juu. Na kama kitabanwa kwa ond ya plastiki, ongeza sentimita moja upande wa kubana, la sivyo herufi za mwanzo za kila mstari zitatobolewa matundu.

13. Na kalenda nayo ina neno

Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na maduka yamefungwa. Usipange kuchapisha chochote kabla ya saa tano. Tuma PDF Ijumaa jioni, omba nakala moja ya majaribio siku hiyo hiyo, na useme wazi: A4, "Actual size", pande mbili au moja, rangi au nyeusi.